Maji Huzoleka

Usione haya, Evelio. Nipe hicho kikombe.
Miaka kumi na tisa napokea vikombe dirishani hapa,
vya wakata miwa, vya wake zao,
na kimoja cha padri, kimefunikwa kwa leso.
Chako kina rangi ya sukari guru.
Nilijua kabla hujaketi.

Geuka. Weka mkono nyuma, chini ya mbavu,
pale panapouma unapoinama na panga.
Zimelala mbili hapo, kila moja kama ngumi.
Moyo umesifiwa hadi umelewa sifa.
Figo je? Nani amewahi kumwita mpenzi wake
figo yangu?
Na bado, damu ikiruka kutoka moyoni,
fungu moja katika matano hukimbilia kwao,
kama mshahara wako unavyopitia dukani kwa Reina
kabla haujafika nyumbani.

Kila figo ina vichujio kama milioni,
na kazi yake ya kwanza ni kumwaga.
Lita mia na themanini kwa siku,
karibu lijae lile pipa la bluu uani kwenu:
chumvi, sukari, maji, taka, vyote chini.
Halafu vijirija vinaanza kuokota.
Hii irudi. Hii irudi. Hii, hapana.
Sukari irudi yote. Maji, karibu yote.
Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kupasua figo.
Zinazoa, Evelio, wewe ukikoroma zinazoa,
mpaka yabaki ya kujaza jagi tu.

Yanayobaki yanashushwa na mirija miwili
inayosukuma kama koo linavyosukuma tonge,
hata ukilala, hata ukining'inia kama popo.
Kibofu kinapokea. Kinatanuka. Kimya.
Kikikaribia kujaa kinakugusa bega.
Kina milango miwili:
wa kwanza hufunguka wenyewe,
wa pili ufunguo wake ulikabidhiwa wewe
ukiwa na miaka miwili, na mama yako akapiga makofi.

Sasa tuseme yako.
Saa kumi na moja alfajiri, shamba limechomwa jana,
majivu bado yana moto chini ya buti.
Unalipwa kwa tani. Pipa la maji liko mistari ishirini nyuma,
na kila hatua ya kulifuata ni miwa isiyokatwa.
Jua likikaa utosini umekunywa chupa moja,
na jasho limetoa nne.
Figo zinaona ukame. Zinazoa kwa pupa,
zinakamua hadi tone, ndipo unapata hii sukari guru.
Siku moja, huo ni ustadi.
Misimu kumi na miwili?
Muwa ukichomwa, ukikatwa, huchipua tena.
Kichujio hakichipui.

Abelardo wangu alikojoa mara ya mwisho Jumanne,
mwezi wa Mei, mvua ya kwanza.
Nilimsikia ng'ambo ya mabati,
nikamfokea kwamba chakula kinapoa.
Baada ya hapo ikawa mipira tumboni,
mifuko ya maji ya dawa, nne kwa siku,
nami nikiimwaga, nikipima, nikiandika daftarini
kazi ambayo mwili wake uliifanya miaka hamsini
bila kudai hata asante.
Mtu hukumbuka neno la mwisho la marehemu.
Mimi nakumbuka ule mchirizi.

Karatasi ya damu yako imerudi kutoka Usulután.
Moja nukta tisa. Si kifo. Si nzuri.
Usiniulize kuhusu kesho na panga,
nami sina shamba la kukupa.
Chukua chupa hii. Inywe hapa hapa, mbele yangu,
polepole. Sina haraka,
foleni nje watanitukana, wamezoea.
Kisha tutangoja, mimi na wewe,
mlango wa kwanza ubishe.
Kikombe kingine kiko pale juu ya kabati.